Kaseti, santuri na CD zako ziwe FLAC: mwongozo wa kazi ya kufanya mara moja

Ubora wa faili la muziki huamuliwa kabla sauti haijafika kwenye kompyuta. Hedi chafu (hedi ni kile kichwa cha deki ya kaseti kinachosoma kanda), sindano iliyolika, belti iliyolegea hadi mwimbaji anasikika kama mlevi: hakuna programu inayoweza kurudisha kilichopotea hapo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni pamba, spiriti na bisibisi, kompyuta inafuata baadaye. Lengo ni kuhamishia muziki wako kwenye mafaili ya FLAC, muundo wa sauti usiotupa chochote, mara moja, kwa kiwango ambacho hutalazimika kuirudia, kwa sababu deki nzima zinazidi kuadimika na kanda zenyewe zinazidi kuzeeka.

1. Panga foleni kwanza

Wengi huanza na CD kwa kuwa ni rahisi. Wakizimaliza, hamu imekwisha, na kaseti zinarudi kabatini. Mimi nashauri kinyume chake: anza na kile ambacho kikipotea hakipatikani tena popote.

Kwa kawaida hivyo ni vitu vya aina tatu. Kuna kaseti mlizorekodi wenyewe nyumbani, za harusi, maulidi, ngoma au sauti ya babu akisimulia. Kuna zile zilizorekodiwa kutoka redioni. Miaka ile bendi za Tanzania zilirekodi nyimbo zao Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo nyingi hazikutoka kama santuri kabisa, kwa hiyo kaseti ya mtu aliyekaa karibu na redio inaweza kuwa na kitu cha thamani. Na kuna taarabu za pwani zilizorekodiwa harusini kisha zikauzwa kaseti moja moja na maduka kama Mbwana Radio Service ya Mombasa. Hizi hazina kiwanda kilichotunza kanda mama. Nakala yako huenda ndiyo nzuri kuliko zote zilizobaki.

Baada ya hapo zifuate santuri na kaseti za dukani ambazo hazijatolewa upya, kisha CD halisi. CD za kuchomwa mitaani ziwe za mwisho, isipokuwa zile zenye rekodi yako mwenyewe. Hizo zipande juu ya foleni, kwani rangi inayobeba data kwenye CD ya kuchoma huharibiwa na jua na joto.

Angalizo moja: usijifunzie kazi kwenye kaseti ya harusi ya mama. Tafuta kaseti usiyoijali, ifanyie hatua zote mwanzo hadi mwisho, ndipo urudi kwenye za maana.

2. Amua muundo wa mafaili

Jibu fupi ni FLAC. MP3 hupata udogo wake kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio linadhaniwa halitazikosa, na kilichotupwa hakirudi. FLAC hupunguza ukubwa wa faili bila kutupa chochote. Ukilifungua unapata biti zile zile zilizoingia. Ulitoka mwaka 2001, ni wa bure, hauna mwenye kudai malipo, na mwaka 2024 IETF, chombo kinachoweka viwango vya intaneti, kiliuchapisha rasmi kama kiwango. Simu za Android zinaufungua, na programu ya VLC inaufungua kwenye karibu kila kifaa. Aliyejifunga kwenye programu ya muziki ya Apple atatumia ALAC, ambao nao hautupi kitu, na FLAC inageuzwa kuwa ALAC wakati wowote bila hasara.

Upande wa vipimo, CD ina sampuli (yaani vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16. Iache hivyo hivyo. Kuipandisha hadi biti 24 ni kujaza diski sifuri. Kaseti rikodi kwa sampuli 48,000 na biti 24. Sababu ya biti 24 ni kwamba zinakupa nafasi ya kurikodi kwa kiwango cha chini bila kuogopa, jambo tutakalolirudia. Kaseti yenyewe haina ubora wa kufikia huko. Santuri unaweza kuzirikodi kwa 96,000, kwani programu za kuondoa mchakacho hufanya kazi vizuri zaidi zikiwa na nafasi hiyo, ingawa 48,000 nazo zinatosha kabisa. Anayekuambia 192,000 anakuuzia diski.

Kwa hesabu ya nafasi, dakika moja ya CD kabla ya kupunguzwa ni takriban MB 10.6, dakika ya biti 24 kwa 48,000 ni MB 17.3, na kwa 96,000 ni MB 34.6. FLAC hupunguza hizo hadi kati ya nusu na theluthi mbili, kutegemea muziki. Kaseti ya dakika 60 basi inahitaji kama MB 600 au 700. Diski ya TB 1 inabeba makusanyo ya nyumba nyingi.

3. CD

Futa CD kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Mkwaruzo unaofuata mduara ndio unaokishinda kisomeo cha CD, kwa sababu unaharibu data nyingi zinazofuatana. Watu wengi hulinda upande unaong'aa na kutoujali upande wa maandishi, kumbe tabaka linalobeba muziki liko chini kidogo tu ya maandishi hayo. Mkwaruzo wa upande wa plastiki waweza kung'arishwa; wa upande wa juu ukifika kwenye tabaka hilo ndiyo basi tena. Dawa ya mswaki inasaidia mkwaruzo mdogo wa juujuu, lakini iwe tiba ya mwisho, baada ya kujaribu CD hiyo kwenye kisomeo kingine. Visomeo hutofautiana sana.

Programu za kawaida za kuchezea muziki hunakili CD haraka na zikikosa mahali hujazia kimya kimya bila kukuambia. Tumia Exact Audio Copy kwenye Windows, XLD kwenye Mac, au whipper kwenye Linux. Zote zinasoma kwa uangalifu, zinarudia pale penye shaka, na zinalinganisha matokeo yako na ya watu wengine duniani walionakili CD hiyo hiyo kupitia hazina ya AccurateRip. Zikikubaliana, umemaliza.

CD nyingi za kwetu hazimo kwenye hazina hiyo. Usishtuke. Nakili mara mbili, ikiwezekana kwa visomeo viwili tofauti, na utazame namba ya uhakiki ya kila wimbo. Namba zikilingana, nakala ni safi. Hifadhi na ile ripoti ya maandishi ambayo programu hutoa mwishoni. Itakukumbusha baadaye ni wimbo gani ulisumbua.

4. VCD, na CD za MP3 mia na kitu

Taarabu za rusha roho nyingi ziliuzwa kwa VCD, yaani CD za video. Sauti iliyomo humo tayari ilipunguzwa, ni ya MPEG yenye kilobiti 224 kwa sekunde, kwa hiyo kuigeuza FLAC hakuongezi kitu. Fungua CD kwenye kompyuta, ingia folda ya MPEGAV, nakili mafaili ya AVSEQ01.DAT na wenzake kama yalivyo. VLC itayacheza, na picha ya bendi jukwaani unabaki nayo.

CD za MP3 za mitaani vivyo hivyo: nakili mafaili, usiyageuze. Shida ni CD inayoonekana ya kawaida kumbe imechomwa kutoka MP3. Ukiinakili utapata FLAC kubwa yenye sauti ya MP3 ndani. Namna ya kuitambua: fungua wimbo kwenye Audacity, programu ya kurikodi na kuhariri sauti, badilisha mwonekano uwe wa spektra (unaoonyesha sauti nzito chini na kali juu), utazame juu. Sauti ikikatika kama imepigwa rula kwenye hezi 16,000 hivi katika wimbo mzima, hiyo ilikuwa MP3 ya kilobiti 128. Itunze kama huna nyingine, ila andika kwenye maelezo yake kwamba chanzo ni hicho.

5. Kaseti: hapa ndipo penye kazi

Usinunue vile vichezeo vidogo vya plastiki vyenye waya wa USB vinavyouzwa kwa jina la kugeuza kaseti kuwa MP3. Kasi yake inayumba, na kuyumba kwa kasi hakuondoki kirahisi baadaye. Tafuta deki ya zamani ya mezani, Technics, Sony, JVC au yoyote iliyokuwa sehemu ya mfumo wa muziki wa sebuleni, na ipeleke kwa fundi redio abadilishe belti hata kama inazunguka. Belti ya mpira ikikaa miaka inalegea au inayeyuka kuwa lami. Kama deki ina uwezo wa kugeuza upande yenyewe, usiutumie. Geuza kaseti kwa mkono, kwani hedi ikifanya kazi kinyume mara nyingi haikai sawa.

Usafi. Vitu vitatu vinavyogusana na kanda ni hedi, mhimili mwembamba wa chuma unaozunguka, na gurudumu la mpira linalobana kanda kwenye mhimili huo. Hedi na mhimili safisha kwa pamba na spiriti ya isopropili yenye asilimia 90 au zaidi hadi pamba itoke nyeupe. Ile spiriti ya buluu ya kidonda iache, ina vitu vingine vinavyobaki. Gurudumu la mpira lisafishe kwa maji na tone la sabuni, kwa sababu spiriti hukausha mpira. Fanya hivi kila baada ya kaseti chache. Kanda za bei nafuu humwaga unga wa kahawia hadi unaweza kuuona.

Sasa kaseti yenyewe. Itazame kwenye mwanga. Unga mweupe ukingoni mwa kanda ni ukungu, na kwa nyumba za pwani jambo hilo ni la kawaida. Kaseti hiyo isiingie kwenye deki hata kidogo, itaambukiza hedi na kila kaseti inayofuata, na vumbi lake si la kuvuta puani. Iweke kando kwenye mfuko wake, uikaushe mahali pakavu penye hewa, na uisafishe nje ukiwa umefunika pua.

Tazama pia ile pedi ndogo ya sufi iliyo katikati ya mdomo wa kaseti. Ikiwa imedondoka, sauti itakuwa nzito, haina makali. Dawa ni kuhamisha kanda kwenye ganda jingine zima: kaseti nyingi zina skrubu tano, fungua zote mbili juu ya meza safi, hamisha roli zote kwa pamoja, rudisha karatasi laini za ndani. Kanda iliyokatika iungwe kwa utepe maalumu wa kuungia kanda. Selotepu ya kawaida gundi yake huvuja na kunasa mzunguko wa jirani.

Kabla ya kucheza, izungushe mbele hadi mwisho kisha irudishe nyuma, ili kanda iliyokaa miaka ikazwe upya kwa usawa. Kaseti za dakika 120 zitendee taratibu, kanda yake ni nyembamba na huliwa na deki kwa urahisi.

Swichi ya Dolby, mfumo wa kupunguza mvumo wa kanda, iache imezimwa isipokuwa kaseti ina alama ya zile D mbili, au unajua hakika kwamba aliyerikodi aliitumia. Kaseti ya nyumbani karibu kila mara haikutumia. Ukiiwasha bure, trebo, yaani sauti kali za juu, inazimika na unapata muziki kana kwamba umefunikwa blanketi.

Halafu lipo jambo ambalo miongozo mingi hulipita, nalo ndilo linaloleta tofauti kubwa kuliko bei ya deki: ulalo wa hedi. Upenyo wa hedi unatakiwa usimame wima kabisa dhidi ya kanda, sawasawa na hedi iliyorikodi. Redio kaseti iliyorikodi harusi ile mwaka 1985 ilikuwa na ulalo wake, deki yako ina wake. Wakitofautiana kidogo tu, trebo inapotea: kayamba inakuwa mchanga, herufi "s" za mwimbaji zinakufa, udi unasikika kama gitaa la besi.

Kando ya hedi kuna skrubu ndogo, mara nyingi yenye springi chini yake na tone la rangi juu. Kwanza weka alama ya ilipo sasa. Cheza sehemu yenye sauti kali, matoazi, kayamba au vinanda, na uisikilize kwa mono, yaani kushoto na kulia zikiwa zimechanganywa. Geuza skrubu polepole sana, chini ya robo ya mzunguko huku na huku, hadi ufike mahali sauti inapofunguka na makali yote yanatokea. Ukipita, inafifia tena. Rudi katikati. Mono ndiyo siri ya zoezi hili, kwani ulalo ukiwa mbaya sauti za pande mbili hupishana na kuuana. Kwa stiryo unaweza usigundue. Rudia kwa kila kaseti, na kwa upande wa pili pia. Kaseti halisi za dukani hazitofautiani sana, lakini za kunakiliwa mitaani kila moja ina tabia yake.

Kuhusu kasi: redio kaseti nyingi zilirikodi zikiwa na betri zinazoisha, kwa hiyo muziki ukichezwa leo kwenye deki nzima unakimbia. Kama wimbo huo huo upo kwenye santuri au CD, linganisha na urekebishe baadaye kwenye kompyuta. Kama haupo, tafuta kipande chenye ala isiyobadilika sauti. Ukikosa kabisa, acha ulivyo.

6. Santuri

Nyingi za kwetu ni za inchi 7, za kasi ya mizunguko 45 kwa dakika, zilizosagwa Nairobi, na zilichezwa kwenye gramafoni zenye mikono mizito hadi mfereji ukalika. Usitegemee miujiza, ila usafi unaokoa zaidi ya unavyodhani. Maji ya betri yaliyokenekwa yanafaa ikiwa ni maji tupu yasiyo na asidi, tone la sabuni ya vyombo, brashi laini ikifuata mfereji, kisha suuza na kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Lebo isilowe.

Santuri nzito za kasi ya 78 ni habari nyingine. Zile ni za shelaki, aina ya utomvu mkavu, siyo vinili, plastiki ya santuri za kawaida, na spiriti huziyeyusha. Zinavunjika zikianguka. Mfereji wake ni mpana karibu mara tatu, kwa hiyo zinahitaji sindano yake; ya kawaida huzama chini na kusoma uchafu tu. Siti binti Saad na wenzake walirikodi Bombay mwaka 1928 kwenye santuri za aina hiyo. Ukikuta moja kwenye sanduku la bibi, usiiweke kwenye mashine yoyote hadi umpate mwenye sindano sahihi.

Kwa vinili, hakikisha sindano ni nzima; watengenezaji wengi hutaja saa 500 hadi 1,000 za matumizi. Uzito wa mkono uwe ule uliotajwa na mtengenezaji wa katriji (kile kichwa kinachoshika sindano), kwa kawaida kati ya gramu 1.5 na 2.5. Kuupunguza sana ili "kuhurumia" santuri ni kosa, sindano inayorukaruka ndiyo inayochana mfereji.

Sauti inayotoka kwenye katriji ni ndogo sana na imepunguzwa besi makusudi wakati wa kusaga santuri, kwa hiyo lazima ipite kwenye kikuza cha fono kinachorudisha uwiano huo. Ampilifaya za zamani zina tundu lililoandikwa PHONO. Kama yako ina hilo, toa sauti kwenye tundu la REC OUT, huna haja ya kununua kingine. Waya mwembamba wa ethi ufungwe kwenye skrubu yake, la sivyo utasikia mvumo wa umeme kila mahali.

Ndugu wanaoleta mashine kutoka Marekani wawe macho. Transfoma inabadilisha volti tu. Mashine za zamani ambazo mota yake hufuata mawimbi ya umeme zilitengenezwa kwa hezi 60, na huku ni 50, kwa hiyo zitazunguka polepole kwa moja ya sita na bendi ya Sikinde watasikika kama wanazika mtu. Zenye mota ya DC hazina shida hiyo.

7. Kurikodi

Tundu la maiki la laputopu halifai. Mara nyingi ni mono na lina kikuza kinachopasua sauti. Unahitaji kadi ya sauti ya nje ya USB yenye matundu mawili ya kuingizia, nyekundu na nyeupe, ya stiryo. Za bei ya chini za Behringer zinatosha kabisa kwa kaseti. Sioni sababu ya kukopa kwa ajili ya zaidi. Waya ni ule ule wa jeki nyekundu na nyeupe, ununue mfupi na mzima.

Pakua Audacity, ni ya bure. Chagua kadi yako kama chanzo, stiryo, 48,000, biti 24. Zima kila kitu kinachojifanya kuboresha sauti kwenye mipangilio ya kompyuta, zima na Wi-Fi na arifa. Chomoa chaja ya laputopu wakati wa kurikodi. Mvumo mwingi unaotafutiwa mchawi hutoka hapo, na umeme ukikatika angalau kilichokwisha kurikodiwa kitabaki.

Tafuta sehemu yenye kelele kuliko zote kwenye kaseti na urekebishe kiwango ili kilele kifike kati ya desibeli -12 na -6. Hapo ndipo biti 24 zinapolipa: hata ukiwa chini hupotezi kitu, ila ukigusa sifuri sauti inapasuka na haitengenezeki. Kisha rudi mwanzo, bonyeza kurikodi, ndipo uwashe kaseti. Rikodi upande mzima bila kusimama, pamoja na ukimya wa mwanzo na mwisho.

Na ukae usikilize. Kaseti ya dakika 60 inachukua dakika 60, hakuna njia ya mkato. Deki za kunakili kwa kasi mara mbili zipo, lakini zinakula trebo.

8. Faili mama na faili la kusikiliza

Ukimaliza upande, toa FLAC nzima ya upande huo kabla hujagusa chochote. Hiyo ni faili mama. Hairekebishwi, haikatwi, haiondolewi shombo wala harufu. Baada ya miaka kumi programu zitakuwa bora kuliko za leo, na utataka kuanza na sauti mbichi.

Nakala ya pili ndiyo ya kuchezea. Hapo weka alama mwanzo wa kila wimbo kisha utoe mafaili kwa mkupuo kufuata alama hizo. Kupandisha sauti fanya kwa upande mzima kwa pamoja. Ukipandisha wimbo mmoja mmoja, ule uliokusudiwa kuwa wa upole utapiga kelele sawa na wa chemko.

Zana ya kupunguza mvumo wa kaseti (ule mlio wa "shhh") itumie kwa mkono mwepesi. Ichukulie sampuli ya ukimya kabla ya wimbo, punguza desibeli 6 hivi, sikiliza. Ukianza kusikia kama bendi inapiga ndani ya pipa la maji, umezidisha. Binafsi kwa taarabu naacha mvumo wote: sikio linauzoea baada ya dakika moja, lakini pumzi ya zumari au fidla ikiliwa haisameheki.

Vitu viwili vya kwetu vinahitaji uamuzi. Kwanza, nyimbo nyingi za dansi kwenye santuri za 45 ziligawanywa, sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B, mara nyingi pale pale kibao kinapotaka kuchemka. Weka sehemu hizo kama mafaili mawili yaliyo kama santuri ilivyo, kisha tengeneza la tatu lililounganishwa kwa ajili ya kusikiliza. Pili, kwenye kaseti za harusi na redio usikate makofi, vigelegele, majina ya wanaotunza wala sauti ya mtangazaji. Mara nyingi hayo ndiyo pekee yanayokuambia rekodi ni ya wapi na ya lini.

9. Majina

Tumia Mp3tag au MusicBrainz Picard kuandika maelezo ndani ya faili lenyewe, siyo kwenye jina la faili tu. Picard hutafuta majina yenyewe, ila kwa muziki wa huku hukosa mara nyingi au huleta tahajia ya ajabu, kwa hiyo andika kwa mkono ukifuata lebo. Andika jina la bendi kama lilivyo kwenye lebo hiyo. NUTA Jazz ya 1964 ndiyo iliyokuja kuwa Juwata, kisha OTTU, leo Msondo Ngoma. Ukiziita zote Msondo unapoteza habari, na usipoziunganisha hutazipata pamoja. Suluhisho: jina la lebo liwe kwenye nafasi ya msanii, na Msondo Ngoma iwe kwenye nafasi ya msanii wa albamu.

Kwenye nafasi ya maoni andika chanzo, mashine, tarehe uliyorikodi, na ulichobadilisha. Jambo usilolijua liache wazi. Mwaka wa kubahatisha ukiingia kwenye faili, baada ya nakala mbili tatu utageuka ukweli.

Piga picha lebo, ganda na karatasi ya kaseti pande zote, pamoja na maandishi ya peni. Namba iliyochongwa kwenye santuri karibu na lebo inasaidia kuitambua kwenye Discogs, hazina ya rekodi ya mtandaoni, iandike.

10. Nakala, na kusambaza

Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine au mji mwingine. Diski mbili kwenye droo moja ni nakala moja mbele ya mwizi au mafuriko. Flashi si ghala. Itumie kubebea nyimbo za garini, ukiwa umezigeuza MP3 ya kilobiti 320 au ya ubora unaobadilika kwa sababu redio nyingi za magari hazisomi FLAC. Kwa WhatsApp tuma kama dokumenti ili faili lifike zima.

Kupeleka YouTube ni jambo jingine kabisa. Kumiliki kaseti si kumiliki wimbo, na wengi wa watunzi hao au warithi wao bado wapo. Ofisi za hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar na KECOBO kwa Kenya, ndiko pa kuulizia. Kwa rekodi ya harusi ya familia, waulize wenye harusi. Bibi harusi wa 1985 sasa ni bibi wa watu na huenda hataki.

Kila FLAC hubeba ndani yake namba ya uhakiki ya sauti. Mara moja kwa mwaka chomeka kila diski, pitisha programu ya flac kwa amri ya "flac -t" kwenye folda nzima, nayo itakutajia faili lililoharibika ili ulirudishe kutoka nakala nyingine. Kaseti zenyewe zirudishe mwanzo, zisimame wima ndani ya maganda yake, mbali na spika, jua na ukuta unaotoa unyevu, na vifuko vidogo vya kufyonza unyevu, kama vile vinavyokuja na viatu vipya, vibadilishwe mara kwa mara.